Ubao wa Mama Agata

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu ukucha haukutupwa ovyo. Bibi Damari alitukata kucha kila Jumamosi jioni, mimi na mdogo wangu Danieli, akazikusanya kiganjani na kuzitia motoni mwenyewe, huku akitazama mpaka ziungue zote. Nywele vivyo hivyo. Nguo haikulala kwenye kamba. Ukivua fulana yenye jasho ukaiacha uani, ulichapwa kabla hujaulizwa kwa nini.

"Kitu ulichokivaa kimekunywa jasho lako," alikuwa akisema. "Anayekishika amekushika wewe."

Kesho yake asubuhi alikaa benchi la mbele kanisani na kuimba tenzi zote bila kufungua kitabu. Sikuwahi kumwona akisumbuliwa na mambo hayo mawili. Mungu alikuwa Mungu, na jirani alikuwa jirani.

Kijiji chetu kipo chini kidogo ya Mlola, kwenye mteremko mkali ambako mtu akilima maharage huku juu, mawe yake yanaangukia viazi vya mwenzake. Baba na mama walikuwa Tanga mjini wakitafuta maisha, sisi tukaachwa kwa Bibi. Kwetu watu husalimiana vizuri sana. Shikamoo usiyoitoa hukumbukwa mwaka mzima. Lakini mtu asidhani kwamba salamu nzuri ni kuaminiana. Ukungu ukipanda kutoka bondeni mchana, watu wanatambuana kwa kikohozi, na kila mmoja anajiuliza yule aliyekohoa anatoka wapi saa hizi.

Nilikuwa darasa la nne Mama Agata alipokuja. Alishuka kwenye Fuso la kabichi lililokuwa likirudi tupu kutoka Lushoto, akiwa na godoro, sufuria mbili na fungu la mbao kuukuu zilizofungwa kwa kamba. Hizo mbao ndizo zilizoanzisha maneno. Huku kwetu mbao ni kama mawe, zipo kila mahali. Nani anahama na mbao?

Alipanga nyumba ya mwalimu mmoja aliyekuwa amefariki, mwisho kabisa wa kijiji, pale njia inapokata kona kuelekea kisimani. Alisema kwao asili ni Songea, na kwamba alikuwa amechuma chai miaka mingi kwenye mashamba ya upande wa Bumbuli. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alipata vibarua vya kupalilia na kuvuna viazi, na kazi yake hakuna aliyeilalamikia. Jumapili alitembea peke yake kwenda kusali kwa Wakatoliki wenzake, mbali, na kurudi alasiri.

Tulimwita Mama Agata kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Agata mwenyewe hakuna aliyemwona. Siku moja walipokuwa wakipalilia pamoja, Bibi alimuuliza.

"Na Agata yuko wapi?"

"Hayupo," alijibu, akaendelea na jembe.

Bibi alikuja na jibu hilo nyumbani kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. "Hayupo," alirudia, akimenya viazi. "Mtu mwenye mtoto anasema yuko shule, yuko kwa shangazi yake, yuko mjini. Aliyefiwa anasema Mungu amemchukua. Hayupo ni jibu gani?"

Kisha ikaonekana kwamba Mama Agata anaokota vitu. Siku baada ya gulio alipita sokoni akiinamisha kichwa, akiokota vifungo, vifuniko vya soda, vipande vya zipu. Alikuwa akiingia uani kwa mtu, anasalimia vizuri, halafu anashika kikombe kilichokatika mkono na kuuliza, "Hiki mnakitumia?" Mwanzoni watu walimpa. Baadaye wakaanza kuulizana anavipeleka wapi, kwa sababu dirishani kwake hakuna kikombe kilichoonekana kikinywewa chai.

Halafu kandambili ya kijani ya mtoto wa jirani yetu Mama Stella ikapotea. Mguu mmoja tu. Mama Stella alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwepesi wa kucheka, lakini siku hiyo hakucheka. Alisimama uani kwetu ameshika ule mguu uliobaki.

"Mwizi anaiba jozi," alimwambia Bibi. "Anayechukua mguu mmoja si mwizi."

Bibi alitazama upande wa kona ya kisima, kisha akaniambia nianue nguo, ingawa zilikuwa bado mbichi.

Nilikatazwa kupita karibu na nyumba ile. Niliambiwa nikienda kisimani nipite njia ya juu, ya kuzunguka. Nilitii kama wiki mbili. Kisha masika yakaja, na alasiri moja mvua ya mawe ikanikuta na ndoo kichwani, na paa la karibu lilikuwa lake. Nilijibanza ukutani. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo," nilisema, kwa kuwa sikujua la kusema lingine.

"Marahaba. Ingia au uloe, mimi sikubebi."

Niliingia. Ndani palinuka moshi na udongo mbichi. Na pale ukutani, zimeegemezwa, zilikuwepo zile mbao, lakini hazikuwa tena mbao. Alikuwa amezipaka udongo, mwekundu wa huku kwetu, na mweupe ambao sikujua ameutoa wapi, na mkaa. Juu ya udongo kulikuwa na vitu vimebandikwa, vingine vimepigiliwa, vingine vimeshonewa kwa waya. Vitu vya watu. Kikombe kilichokatika mkono nilikitambua mara moja. Nikawaza maneno ya Bibi, nikatazama mlango uko hatua ngapi.

Mama Agata alikuwa ameketi kwenye kigoda, akikoroga uji mzito wa muhogo kwenye kopo. Ulikuwa gundi. Hakunitazama.

"Unaogopa?"

"Hapana."

"Unaogopa. Basi uliza."

Nikanyoosha kidole kwenye ubao wa kwanza. Kulikuwa na zipu ndefu imelazwa kutoka chini mpaka juu, imefunguliwa nusu. Pembeni, mistari na mistari ya nyuzi za kijani alizochomoa kwenye mfuko wa mbolea. Katikati ya zipu, pale meno yanapokutana, kifungo cha njano.

"Hii ni nini?"

"Siku ya kwanza ya Agata kwenda shule."

Nilitazama tena. Na hapo, sijui nieleze vipi, nyuzi zikawa chai. Zipu ikawa njia katikati ya chai, na upande uliofungwa ndio aliokwisha kuupita.

"Agata yuko wapi?" Nilijisikia nikiuliza swali la Bibi.

"Si ndiye huyu." Aligusa kifungo. "Gauni lake lilikuwa na vifungo vya njano. Nikifunga cha juu, anakifungua. Nikifunga, anakifungua. Mpaka shuleni."

Ubao wa pili ulikuwa wa Deo, mwanawe wa kiume, aliyechukia uji. Kijiko kilikuwa kimelazwa kifudifudi kwenye kikombe kile, na kandokando vifuniko vya soda kama watu waliokusanyika kumbembeleza. Nilicheka. Yeye pia karibu acheke. Ubao wa tatu ulikuwa na udongo mweupe tu na nafasi tupu katikati.

"Huyo alikuwa mdogo," alisema. "Hakuwahi kuwa na kitu cha kwake, labda soksi. Nyekundu. Hiyo sijaipata."

Nilimuuliza kwa nini asitumie vitu vyao wenyewe. Akaacha kukoroga. Alinieleza bila kulia kwamba surua ilipita kwenye laini zao, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, na kwamba kwake ilikaa wiki moja tu. Nguo zote zilichomwa. Vyombo walivyotumia vilifukiwa. Picha hawakuwahi kupiga. Baba yao akaenda zake.

"Nilibaki na maneno," alisema, "nayo kila nikiyasema yanapungua."

Nilirudi kule mara tatu au nne. Nilimwambia Bibi kwamba kisima kina foleni. Mama Agata alinifundisha kuchekecha udongo kwa kipande cha chandarua, na kuchanganya mkaa na uji usipasuke ukikauka. Nilipotaka kuchora uso wa mtu alinizuia. Aliniambia nitafute kwanza kitu ambacho nikikiona tu namkumbuka yule mtu, hata kama ni mfuniko wa sufuria. Sijapata mwalimu bora kuliko yeye, nami nimekaa chuo cha ualimu miaka miwili.

Lakini niseme ukweli wote. Mara ya pili nilipokwenda niliiona kandambili ya kijani. Alikuwa ameipigilia kwenye ubao wa Deo, chini ya kikombe. Nilimuuliza kama alipewa.

"Niliiona," alisema.

Nilijua kwamba hilo si jibu. Nikaendelea kuchekecha udongo.

Danieli alikuwa na soksi nyekundu za sufu, Bibi alizifuma mwenyewe. Moja ilikuwa imeungua ikikaushwa jikoni, na iliyobaki Bibi aliitia kwenye kapu la matambara chini ya kitanda chake. Siku moja aliposhuka shambani nililifungua kapu hilo. Sikuhisi kama ninaiba. Nilihisi kama nakwenda kumaliza kazi.

Mama Agata aliipokea kwa vidole viwili. Aliitazama muda mrefu, kisha akaipeleka puani akainusa, amefumba macho. Hilo la kuinusa sikulipenda. Mpaka leo silipendi.

"Ya nani hii?"

"Ya mdogo wangu. Haina mwenzake."

"Bibi yako anajua?"

"Anajua," nilisema.

Siku ya nne Danieli akaanza kukohoa. Ya tano akawaka moto. Alikuwa na miaka mitatu, na kifua chake kilikuwa kikiingia ndani kila akivuta pumzi, kama mfuko wa karatasi. Bibi alimkanda, akamnywesha maji ya majani, akamwombea. Kisha akafanya nililokuwa nikiliogopa. Alivuta kapu la matambara, akalimimina lote sakafuni, akapekua kipande kwa kipande.

"Soksi ya mtoto iko wapi?"

"Sijaiona, Bibi."

Hakuuliza tena. Aliurudisha kila uzi kapuni taratibu. Jioni hiyohiyo Mama Stella alikuja, na kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa na kuku, alisema amepita njia ya kisima na kuona dirishani kwa yule mama kitu chekundu, kidogo, kama mguu wa mtoto.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alfajiri Bibi alimbeba Danieli mgongoni mpaka Mlola, kwa nesi aliyekaa jirani na zahanati. Alirudi mchana akiwa na chupa ya dawa, na mtoto amechomwa sindano. Watu walikuwa wametoka ibadani wakimsubiri.

Watu wakisikia habari za namna hii hudhani kulikuwa na mapanga na kelele. Havikuwepo. Tulikwenda na nguo za kanisani, wengine wakiwa bado wameshika vitabu vya tenzi. Mbele alikuwa Mzee Yona, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole aliyesafisha koo kabla ya kila sentensi. Alibisha hodi kama mgeni. Mama Agata alifungua. Naye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kanisani, kitambaa cheupe bado kichwani.

Mzee Yona akamsalimia, akamuuliza hali, akamwomba atoe nje vitu vya watu.

Alizitoa mbao tatu, moja moja, akaziegemeza ukutani kwenye mwanga. Watu walirudi nyuma. Ubao wa tatu sasa ulikuwa umekamilika. Soksi ilikuwa katikati ya ule udongo mweupe, imejazwa majani makavu ya chai ikanona kama mguu wenye uhai, na kuizunguka alikuwa amechora mistari midogo kwa mkaa, mingi sana. Mimi peke yangu nilijua kwamba huyo ni mtoto amelala shukani. Wengine waliona mguu wa Danieli.

"Mama," alisema Mzee Yona, "vitu hivi umevipataje?"

Alijibu kimoja kimoja, akivigusa. "Kikombe alinipa Mama Stella mwenyewe. Vifungo na zipu niliokota sokoni. Kijiko nilikuja nacho. Kandambili nilichukua. Ilikuwa imekwama kwenye tope siku tatu. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza."

"Umesikia," alisema Mama Stella. "Amekiri."

"Na soksi?"

"Soksi nililetewa."

"Na nani?"

Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama mbele ya Bibi, na mkono wa Bibi ulikuwa begani kwangu.

"Muulizeni mjukuu wa Bibi Damari. Na mumuulize pia mbao hizi zinasema nini. Nilimweleza. Anajua kuliko ninyi nyote."

Sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile tena, hata siku ya harusi yangu. Mkono wa Bibi ukanikaza bega mpaka nikasikia mfupa.

"Rebeka," aliniuliza Mzee Yona kwa upole, "unajua chochote?"

"Sijui."

"Umewahi kuingia nyumba hii?"

"Hapana."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Ningeweza kusema huyu ni Agata, hii ni njia ya shule, huyu ni Deo anakataa uji. Labda wasingeamini. Labda wangeamini nusu. Lakini yangekuwa yamesemwa na mtu mwingine asiye yeye, na nadhani hicho ndicho alichokuwa akikiomba, kwamba ashuhudie mmoja tu.

Mama Agata alinitazama kidogo. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anavyotazama mtungi aliodhani ni mzima. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu. Watu wakashtuka, lakini alichuchumaa mbele ya mbao zake akaanza kubandua. Kijana mmoja alisogea amsaidie, akamzuia kwa mkono. Alitoa kandambili, akaing'oa misumari, akampa Mama Stella. Akatoa kikombe. Soksi aliimwaga majani yake, akaikung'uta na kumpelekea Bibi.

"Pole kwa mtoto," alisema. "Nitamwombea."

Bibi aliipokea kwa pindo la kanga, asiiguse kwa vidole.

Siku ya Jumatano Mama Agata aliondoka na basi la asubuhi. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo. Ila tangu Jumapili ile hakuna aliyemwita kibarua, na kisimani wanawake walisubiri aondoke ndipo wachote. Jumatano hiyohiyo Danieli aliamka akaomba viazi.

"Mnaona," alisema Bibi, akaenda kuvichemsha.

Baba alipokuja kutoka Tanga na kusikia habari, alikasirika. Alisema ni nimonia na sindano ndiyo iliyomponya, na kama Bibi angewahi siku mbili mtoto asingeteseka. Bibi alimwacha aseme. Kijijini kwetu mpaka leo wapo wanaosema sindano na wapo wanaosema soksi, na wote wana ushahidi uleule wa siku ileile. Danieli mwenyewe ni fundi wa pikipiki Lushoto, ana watoto wawili, na hakumbuki chochote.

Mimi nilikumbuka. Sikumwambia mtu miaka mingi. Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni nilikuja likizo, nikamkuta Bibi amezeeka, anapukuchua maharage barazani kwa kugusa tu kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha. Nilikaa nikamsaidia. Nikasema, bila kupanga, "Bibi, ile soksi ya Danieli niliipeleka mimi."

"Najua," alisema.

Nikaacha kupukuchua.

"Siku ile nilisahau jembe nikarudi. Nikakuona umepiga magoti kwenye kapu. Nikajua unaipeleka wapi, maana ulikuwa unanuka udongo wa yule mama wiki nzima. Nikajiambia ukirudi nitakuchapa. Uliporudi ulikuwa na furaha. Sikukuchapa."

"Mbona hukusema siku ile, mbele ya watu?"

"Ningesema nini? Kwamba mjukuu wangu anampelekea mchawi nguo ya nduguye? Wangemwacha yeye wakugeukie wewe. Mwanafunzi wake. Ungeolewa na nani? Nilikubana bega unyamaze, nawe ulinyamaza. Ulikuwa mtoto mwelewa."

"Lakini ulijua hakuiba."

"Nilijua hakuiba," alisema Bibi. Mikono yake iliendelea na kazi. "Sikujua kama si mchawi. Hayo ni mambo mawili."

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Nilimpenda sana, na sijapata jibu la kumpa.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Malindi, ile ya huku kwetu Lushoto. Katika kipindi cha sanaa huwaambia watoto walete kitu kimoja kutoka nyumbani, kisicho na thamani, na wakitumie kusimulia habari ya mtu wanayemfahamu. Wanaleta vizibo, taulo lililochanika, mpini wa jembe. Mwaka jana msichana mmoja alileta bomba la sindano lisilo na sindano na kutengeneza ubao wa mama yake ambao ulinifanya nitoke nje ya darasa. Na kila mwaka wazazi wawili watatu hufika ofisini. Wanasalimia vizuri. Wanauliza vile vitu vitarudi lini, na vinalala wapi usiku. Siwalaumu. Nawaonyesha kabati, nawaonyesha kufuli. Wakiondoka najua wanavyonizungumzia njiani, kwa kuwa najua sisi tulivyozungumza.

Likizo iliyopita nilikwenda kwenye yale mashamba ya chai. Nilijiambia nakwenda kumtafuta Mama Agata nimwombe radhi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mnyapara zamani, anaishi bado kwenye laini zile, na mke wake analima mboga mlangoni. Alinikaribisha chai ya rangi, tukakaa.

Nilimuuliza kama aliwahi kumjua mama mmoja wa Songea, mama Agata. Akasema akina mama wa Songea walikuwa wengi, na Agata ni jina la kila nyumba. Nilimuuliza habari za surua. Akasema ilipita, zaidi ya mara moja, mwaka hakumbuki. Nilimuuliza kama kuna nyumba iliyopoteza watoto watatu kwa wiki moja. Akafikiri.

"Sijasikia watatu," alisema. "Wawili nimesikia. Lakini hapa kila mtu alikuwa na msiba wake, hatukupeana hesabu."

Niliuliza walipozikwa. Alinipeleka nyuma ya laini, juu kidogo, kwenye vichaka vya magugu mwitu. Misalaba ilikuwa ya miti, alisema, imeoza. Niliuliza kama yupo mtu mwingine anayeweza kushuhudia. Niliuliza kama padri wa wakati ule alikuwa na daftari. Mzee alikuwa akinijibu kwa adabu, lakini mwishowe alisimama akanitazama.

"Mwalimu," alisema, "huyo mama unayemtafuta, ana kosa gani?"

"Hana kosa," nilisema.

Lilitoka polepole. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti.

Tukashuka. Ni katika kushuka kule nilipojisikiliza. Tangu asubuhi nilikuwa nimeuliza lini, wangapi, nani aliona. Hayo si maswali ya mtu anayetafuta msamaha. Nilikuwa nimepanda mabasi mawili, kwa gharama yangu, nikitumaini mzee mmoja aniambie hapakuwahi kuwa na Agata wala Deo wala kichanga, kwamba yule mwanamke alikuwa mwongo au kitu kibaya zaidi, ili kutokusema kwangu siku ile kuwe halali. Miaka ishirini na zaidi, na bado nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na nguo za kanisani.

Swali moja la mtu anayetafuta msamaha sikuwa nimeliuliza. Tulipofika mlangoni nililiuliza. Je, akina mama walioacha kuchuma chai enzi zile, walikwenda wapi?

Mzee alifurahi, kwa kuwa hilo alikuwa na jibu lake. Wengi walirudi kwao kusini, alisema, ila wapo walioshuka kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe, na wachache wako huko mpaka leo, wazee kama yeye. Alinitajia kambi mbili.

Nitakwenda mvua zikikatika. Nimeona niyaandike haya kwanza, nijue yana urefu gani. Nikimkuta, nitamsalimia, na asipoitika nitasubiri. Sitamuuliza jambo lolote. Nitaanza na mimi, kwamba niliingia nyumbani mwake mara nne au tano, na kwamba nilijua.